Udongo Ulioshiba

Kama kuna mtu aliyewahi kupenda kinyesi cha kuku kuliko kuku mwenyewe, basi ni Bwana Samadi. Jina hilo alibandikwa na wauza mboga wa sokoni kwa kumtania, naye badala ya kukasirika akalivaa, mpaka lile alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu. Kila asubuhi alikuwa njiani na toroli lake, analisukuma kutoka kwenye mabanda ya mfugaji jirani, harufu ikimtangulia, nzi wakimsindikiza. Watoto wa shule walimpisha huku wamebana pua. Yeye aliwasalimu vizuri tu, akawaambia kwamba kabichi ya jana hawakuibania pua.

Lakini tusimcheke bure, alikuwa na sababu. Shamba aliloachiwa na baba yake lilikuwa mteremko wa udongo mwekundu, wa kupendeza macho na wenye roho ya ubahili. Miaka ile ya mwanzo mahindi yalichomoza, yakafika magotini, kisha majani yakaanza kugeuka zambarau pembeni na mmea ukadumaa. Akatia mbolea ya dukani. Udongo ukaimeza ukakaa kimya. Akatia tena, kimya vilevile. Ni pale alipokata tamaa na kumwaga kinyesi cha kuku, kwa kuwa mfugaji alikuwa anatafuta pa kukitupa, ndipo shamba lilipomjibu. Majani yakawa ya kijani cha kukolea, kabichi zikafunga vichwa vigumu, na wauza mboga wakaanza kumfuata nyumbani. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake humwambii kitu.

Tangu hapo akawa na imani moja: udongo haushibi. Hakuna kilichoingia ardhini kwake bila ndoo ya samadi kutangulia. Nyanya, migomba, pilipili, hata maua ya mkewe ya pale mlangoni. Mkewe alipenda kuwasimulia wageni kwamba mumewe alipochimbia nguzo ya kamba ya nguo aliitilia samadi kwanza, na kwamba yeye bado anaisubiri nguzo itoe majani. Bwana Samadi alicheka pamoja nao, kwa sababu habari yenyewe ilikuwa kweli. Mkono wake ulikuwa umeshazoea, ulitia wenyewe kabla kichwa hakijaulizwa.

Chini ya shamba lake, pale mteremko unapoishia, palikuwa na kipande cha mdogo wake wa mwisho, ambaye watu wote walimwita Dereva. Huyu Bwana Samadi alimlea. Mama yao alipofariki Dereva alikuwa bado wa kubebwa, na mgongo uliombeba ulikuwa wa kaka yake. Alipokua akaenda kuendesha malori ya safari ndefu, akaendesha mpaka mifupa ya kiuno ikakataa. Akarudi nyumbani amepinda, bila mke, maana mke alichoka kungoja, na mwenye watoto wanaopiga simu sikukuu hadi sikukuu. Kiinua mgongo alichopewa kazini hakikuuinua mgongo wake, lakini kilichimba bwawa la samaki.

Bwawa hilo likawa maisha yake. Asubuhi alikaa kwenye kreti lililopinduliwa, akawatupia perege wake chakula na kuwafokea kama alivyokuwa akiwafokea matingo wake barabarani: wewe mnene, pisha wenzio, wewe wa nyuma, amka. Jirani zake walidhani amechanganyikiwa kidogo. Siku moja alimwambia kaka yake, wakiwa wamekaa wawili tu ukingoni, "Kaka, mimi kufa siogopi. Naogopa kuamka asubuhi nikakosa cha kwenda kukiangalia." Bwana Samadi akamgusa bega, wakaendelea kutazama maji.

Mvua za mwaka uliofuata ziliposhika, maji yale yakaanza kubadilika. Kijani kidogo Dereva hakukiogopa. Mafundi wa ufugaji wa samaki walikuwa wamemfundisha kwamba maji yakiwa na ukijani kidogo, samaki wana chakula. Lakini huu ukijani ulikolea, ukawa mzito, ukajitandika juu ya bwawa zima, na alfajiri moja Dereva akawakuta samaki wake wamepanda juu wote, midomo nje, wanagombea hewa. Baadhi wakafa. Alilaumu chakula cha dukani, akabadilisha duka. Alilaumu kijicho cha watu, na hapo hakuwa na duka la kubadilisha. Utando ukaja kupungua wenyewe kiangazi kilipoingia, lakini mvua nyingine zilikuwa njiani, na Dereva alianza kuzihesabia siku kwa woga.

Ndipo Bwana Samadi akampigia simu mkwewe, mume wa binti yake mkubwa, aliyekuwa akipima udongo kwenye maabara. Akaja na chuma chake cha kutobolea ardhi na vifuko vyake, akachukua udongo wa juu na wa chini, akachota na maji ya bwawa kwenye chupa. Akaondoka. Aliporudi na majibu alikuwa amevaa shati la mikono mirefu kama anayekuja kuposa upya, na alikaa ukingoni mwa kochi bila kuegemea.

Mama mkwe akammiminia chai. Akainywa. Akamiminiwa tena, akainywa nayo.

"Baba," alisema hatimaye, akikitazama kikombe, "udongo wako ni tajiri sana."

"Hilo nalijua, mwanangu. Niambie la samaki."

"Ndilo hilo hilo, baba."

Mkwe si mtu wa kumwambia baba mkwe wake maneno makavu. Kwa hiyo alizunguka, akapita mbali, akarudi. Alisema udongo ule mwekundu una tabia ya kukamata. Kuna kirutubisho kinaitwa fosforasi. Ukikitia, udongo unakikamata na kukificha, mmea unabaki unakodoa macho, ndiyo ile zambarau ya majani. Samadi ilikuja na fosforasi yake, na juu ya hapo yale majimaji ya kuoza kwake yakakaa palepale udongo ulipokuwa ukikamatia, ukashindwa kukamata. "Mwanzo hukukosea, baba. Hukukosea hata kidogo."

"Na sasa?"

"Sasa... kabichi inakula fosforasi kidogo sana. Kinyesi cha kuku kinayo nyingi. Kila msimu kabichi inachukua kijiko, wewe unapakua sinia. Inayobaki haiendi popote, inajikusanya. Udongo umeshika na kushika mpaka hauna pa kushikia tena. Mvua ikinyesha, maji yanaichukua na kuteremka nayo."

"Bwawani."

"Ndiyo, baba. Ule utando wa kijani unaipenda kuliko kabichi. Unaota upesi, unakufa, unaoza, na kuoza kwake kunawamalizia samaki hewa."

Mkewe Bwana Samadi aliweka chupa ya chai chini taratibu.

"Kwa hiyo samaki wa mdogo wangu nimewaua mimi."

"Sijasema hivyo, baba."

"Umesemaje?"

"Nimesema maji yanateremka," alisema mkwe, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Bwana Samadi akauliza, akiacha kutia samadi leo, maji yatakuwa salama lini. Mkwe akamtazama mama mkwe kana kwamba yeye ndiye mwenye jibu. Akasema itachukua miaka. Mingapi? Mingi, baba. Shamba litaendelea kuvuja hata usipolitia kitu, kabichi zikilipunguza kidogo kidogo, na huenda sisi wenyewe tusi... Hakumalizia, akaomba maji ya kunywa.

Bwana Samadi alijisikia mnyonge kuliko siku yoyote aliyokumbuka. Ukiiba unarudisha, ukitukana unaomba radhi, lakini ardhi uliyoishibisha kupita kiasi unaitapishaje? Hata kama angetaka kuuchota udongo wote wa shamba, angeupeleka wapi? Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema, nao walikuwa wanazungumzia maji safi.

Mkwe, kwa kumwonea huruma, akampa kitu cha kushika. Asitie tena samadi shambani. Na kule chini, mpakani na bwawa, apande ukanda mpana wa majani ya tembo, yale marefu wanayokatiwa ng'ombe. Yatapunguza mwendo wa maji, yatakamata tope, yatakula sehemu ya kile kinachoteremka. "Si dawa kamili, baba. Ni afadhali." Bwana Samadi alisikia neno dawa, lile la afadhali likampita.

Kesho yake alimwambia mfugaji jirani atafute mtu mwingine wa kuchukua kinyesi. Mfugaji alidhani wamekosana. Kwa Dereva alikwenda na nusu ya ukweli, maana nusu ya pili haikupita kooni. Alimwambia mkwe amegundua kwamba maji ya mteremko yanaleta uchafu bwawani, na kwamba wakiyazuia kwa majani, bwawa litapata nafuu. Dereva akafurahi kama mtoto. Alikuwa amechoshwa na kukaa kwenye kreti akingoja msiba.

Wakapanda pamoja. Ilikuwa siku nzuri, na ndiyo maana inauma kuisimulia. Dereva hakuweza kuinama, kwa hiyo kaka alichimba mashimo na mdogo akasukuma toroli, wakitaniana njia nzima kuhusu nani alikuwa mvivu zaidi utotoni. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya, na vipandikizi vilitakiwa vishike kabla ya mvua. Na kule juu, kando ya shamba, kulikuwa na lundo la mwisho la kinyesi cha kuku, limekaa tu.

Bwana Samadi alikuwa ameambiwa asitie samadi shambani. Alitii, na hata kiganja kimoja hakukitia shambani. Lakini mpakani si shambani, na majani ya tembo si kabichi, na mmea unaotakiwa ushike haraka utaushikishaje mikono mitupu? Sina hakika hata kama aliyafikiri hayo yote. Mkono ulishika ndoo. Kila shimo likapata yake, ya kujaa, ikashindiliwa kwa kisigino, kipandikizi kikasimamishwa juu. Dereva aliisukuma samadi hiyo kwa toroli mwenyewe, hana wasiwasi, maana naye alilelewa na mtu yuleyule. Walipomaliza, lundo lote la juu lilikuwa limeshuka chini, hatua chache tu kutoka kwenye maji.

Jioni hiyo mkwe akapiga simu kuwajulia hali.

"Umeshapanda, baba?"

"Nimepanda mwanangu, mstari mzima. Na nimeyatilia ya kutosha, yatashika tu."

"Umeyatilia nini, baba?"

Alikuwa amefungua mdomo kujibu, na ndipo akayasikia maneno yake mwenyewe. Mkwe hakumkaripia, na laiti angemkaripia. Alisema tu, polepole, "Mvua haijanyesha bado. Labda tukiitoa hiyo samadi..." na wakati huohuo bati la nyumba likaanza kugongwa, tone hapa, tone pale, kisha lote kwa pamoja.

Bwana Samadi alichukua jembe na ndoo akateremka. Mkewe alimwita, hakugeuka. Alianza shimo la kwanza, akang'oa kipandikizi, akachota kwa mikono uji wa samadi na tope, akautia kwenye ndoo. Alipofika shimo la pili, la kwanza lilikuwa limejaa maji na maji yale, meusi, yalikuwa yameshapata njia. Kadiri alivyofukua ndivyo udongo ulivyolegea, na kadiri ulivyolegea ndivyo ulivyoondoka. Alijaribu kuziba kwa miguu yake. Mtu mzima, mwenye wajukuu, amesimama kwenye mvua anajaribu kuzuia mteremko kwa nyayo mbili. Alilia pale, na mvua ikamsitiri.

Dereva alimkuta hivyo, akiwa amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Akadhani kaka yake ametoka kuviokoa vipandikizi visisombwe. "Acha kaka, utaumwa bure," alimpigia kelele, na huku anasema hivyo akakiokota kile kipandikizi kilichong'olewa, akakirudisha shimoni na kukishindilia vizuri. Kisha akamshika kaka yake mkono, wakapanda wawili wakishikana, mwenye kiuno kibovu akimsaidia mzima.

Mvua zile zilinyesha kwa raha zao. Maji ya bwawa yakawa kijani, kisha kijani kizito, kisha rangi ambayo haina jina zuri. Mkwe alikuja na pampu ya kurusha maji ili yapate hewa, ikafanya kazi, ikazibwa na utando, ikasafishwa, ikazibwa tena. Alfajiri za kwanza samaki walipanda juu kuhema. Asubuhi moja hawakuwa wakihema tena. Walikuwa wamelala ubavu, bwawa zima, weupe juu ya kijani, na Dereva amekaa kwenye kreti lake na kopo la chakula mapajani, hajalifungua.

Bwana Samadi akachuchumaa mbele yake. Hapa sasa hakukuwa na nusu ya kuficha.

"Mdogo wangu. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Akamwambia yote. Udongo, kukamata, kushiba, sinia na kijiko, lundo la mwisho, mvua. Alisema vibaya, alirukaruka, lakini alisema. Alingoja kupigwa. Alitamani hata atukanwe, walau awe na kitu cha kuombea radhi.

Dereva alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Kaka, wale mafundi wa samaki walituambia tutie kinyesi cha kuku humuhumu bwawani. Kwa mikono yetu. Ni chakula chao. Chakula kitamuua nani?"

"Kikizidi, Dereva. Kikizidi kinaua."

"Huyo mkwe wako anasoma sana. Ni kile chakula cha duka la pili, kilikuwa na ukungu, mimi nilikiona." Akaliweka kopo chini. "Usijitwishe mzigo usio wako. Umenilea, umenipandia majani, ulitoka nje na mvua ile kwa ajili yangu. Nikianza kukutafuta makosa wewe, nitabaki na nani?"

Sijui kama Dereva hakumwamini au hakutaka kumwamini, na Bwana Samadi naye hakujua. Alijua tu kwamba ameusema ukweli na ukweli wenyewe umekataliwa, kwa upendo, na kwamba hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Wakawatoa samaki kwa wavu na beseni. Walikuwa wameanza kuvimba, hawafai hata kwa paka. Dereva alipolijaza beseni la kwanza alinyooka kwa taabu, akatazama juu, shambani kwa kaka yake.

"Nimefikiri. Hawa tuwazike kwako. Samaki ni mbolea kuliko hata kuku, si ndiyo? Wasipotee bure."

"Tuwapeleke mbali," alisema Bwana Samadi haraka. "Kule ng'ambo ya barabara."

"Kwenye kiwanja cha watu? Kaka, unawaonea aibu samaki wangu?" Alijaribu kutabasamu, na lile tabasamu lilikuwa baya kulitazama. "Nimeshaongea na yule wa vifaranga vya samaki. Jua likirudi naanza upya. Wewe ulianza na udongo mbaya kuliko maji haya, mbona ulifika?"

Wakati anasema hayo alikuwa ameshika mkono mmoja wa beseni na kungoja wa pili ushikwe. Bwana Samadi akaushika. Beseni lilikuwa zito, na kiuno kile hakikuwa cha kuachiwa peke yake. Wakapita katikati ya majani ya tembo, yaliyokuwa yameshika yote isipokuwa machache, wakapanda mteremko wakipumzika kila baada ya mwendo mfupi.

Dereva aliuliza achimbe wapi. Bwana Samadi alilitazama shamba lake, kutoka juu kwenye migomba mpaka chini kwenye mpaka, akitafuta mahali ambapo maji yakipita hayatafika bwawani. Hakupaona. Dereva, aliyedhani anachagua kitalu chenye njaa, alingoja kwa adabu, jembe begani.

"Hapa?" aliuliza mwishowe.

"Popote tu, mdogo wangu," alisema Bwana Samadi. "Ni sawa popote."